Mgonjwa wa Moyo Ameambiwa Akapumzike: Sisi Tunasemaje?

(Haya ni maneno niliyoyasema mbele ya wafiziotherapia wenzangu, sisi tunaotibu kwa mazoezi ya viungo, tulipokutana Tanga. Nayaweka yote hapa kwa ajili ya waliokuwa zamu siku ile.)

Mheshimiwa Mwenyekiti, walimu wangu mlionifundisha kazi hii, wafiziotherapia wenzangu, madaktari na wauguzi mliokubali kukaa nasi, na ninyi wanafunzi mlioketi huko nyuma: hamjambo? Walimu wangu, shikamooni.

Naomba nianze kwa kuwauliza. Mwezi huu, nani amepokea rufaa ya mgonjwa wa kiharusi? Naona mikono mingi. Mgonjwa wa mgongo? Ukumbi mzima. Aliyevunjika paja? Mtoto mwenye mtindio wa ubongo? Vizuri, shusheni mikono. Sasa nani amepokea rufaa ya mgonjwa ambaye moyo wake unashindwa kusukuma damu inavyotakiwa, na daktari akaandika kabisa kwamba aje kwetu afanye mazoezi? Mikono mitatu. Mitatu tu, jamani, na ukumbi umejaa.

Wagonjwa hawa wapo. Ingia wodi yoyote ya magonjwa ya ndani utawakuta. Ndio wale wanaolala wameegemea mito mitatu, miguu imejaa maji, usiku wanaamka wanahema na kuomba dirisha lifunguliwe. Wanapewa dawa, maji yanatoka, uvimbe unapungua, wanaruhusiwa. Na mlangoni wanaambiwa neno moja: kapumzike. Sisi tunapishana nao koridoni tukienda kumsimamisha mgonjwa wa kiharusi kitanda cha pili. Hawatujui, na sisi hatuwajui.

Kabla ya kuja hapa niliwauliza wengi wenu, wengine kwa simu, wengine ana kwa ana, kwa nini hatuwashiki wagonjwa hawa. Mlinijibu kwa uwazi na nawashukuru. Nitayataja majibu yenu bila kutaja majina, na nitasema wapi nakubaliana nanyi na wapi sikubaliani.

Lakini kwanza tumwangalie mgonjwa mwenyewe, maana nahisi wengi wetu tunamfikiria mtu wa vitabuni: mzee wa Ulaya wa miaka 75 ambaye mishipa ya moyo wake imeziba kwa mafuta. Wa kwetu ni mwingine. Utafiti uliofanyika Muhimbili kwa wagonjwa 427, ukachapishwa mwaka 2014, ulikuta wastani wa umri wao ni miaka 55. Asilimia 45 yao moyo ulikuwa umechoshwa na presha. Wengine ilikuwa ni ugonjwa wa misuli ya moyo yenyewe, wengine vali, yaani milango ya moyo, zilizoharibiwa na ugonjwa wa rumatiki, ule unaoanza na maumivu ya koo utotoni yasiyotibiwa. Waliougua kwa sababu ya mishipa iliyoziba hawakufika hata mmoja kati ya kumi. Utafiti mwingine mkubwa wa nchi tisa za Afrika, Kenya na Uganda zikiwemo, uliwafuata wagonjwa 1,006, na wastani wa umri wao ulikuwa miaka 52.

Miaka 52, miaka 55. Hao ni watu wanaolima, wanaovua, wanaosomesha watoto. Huyu hajafika umri wa kuketi barazani siku nzima, na hata angefika, hatuna haki ya kumpangia hivyo.

Kuna mama mmoja kijana nilimhudumia. Moyo wake ulipanuka baada ya kujifungua mtoto wa tatu. Wengi wenu mnaijua hali hiyo, inawajia kina mama mwishoni mwa ujauzito au miezi michache baada ya uzazi. Alipotulia kwa dawa na daktari akaridhika, aliletwa kwangu. Nikamuuliza, dada, unataka uweze kufanya nini? Nilitegemea aseme anataka kutembea bila kuhema. Akaniambia: "Nataka kumbeba mwanangu mgongoni." Mtoto alikuwa amefikisha kilo nane. Tangu atoke hospitali mama mkwe alikuwa hamruhusu hata kumpakata akiwa amesimama.

Basi mazoezi yetu yote tuliyapanga kuelekea kwenye zile kilo nane. Alianza kwa kuinuka kitini na kuketi, mara tano, apumzike, mara tano tena. Wiki zilizofuata akawa anatembea koridoni na mfuko wa unga wa kilo mbili kifuani, kisha wa kilo tano, mimi nikimsemesha njia nzima ili nisikie pumzi yake. Akishindwa kumaliza sentensi tunasimama. Siku tuliyomfunga mtoto kwa kanga, mama mkwe alikuwa amesimama pembeni. Nilitaka aone kwa macho yake, kwa sababu yeye ndiye angeamua nyumbani kinachowezekana na kisichowezekana.

Ndugu zangu, hakuna kitabu kilichoniambia niweke lengo la kilo nane za mtoto. Hilo linatoka kwa mgonjwa, na kumuuliza mgonjwa ni kazi tunayoijua kuliko watu wengi hospitalini.

Sasa hili neno "kapumzike" limetoka wapi? Halikutoka kwa ubaya. Kwa miaka mingi ulimwengu mzima wa tiba uliamini kwamba moyo mgonjwa unatibiwa kwa kitanda. Mtu aliyepata shambulio la moyo alilazwa wiki kadhaa, haruhusiwi hata kujilisha mwenyewe. Mwaka 1952 Samuel Levine na Bernard Lown wa Boston waliandika kwamba wagonjwa hao waketishwe kwenye kiti mapema, na wakapingwa vikali. Kiti tu, jamani! Kwa upande wa moyo unaoshindwa kusukuma damu ilichukua muda mrefu zaidi. Mwaka 1990 Andrew Coats na wenzake kule Oxford walichapisha matokeo ya kikundi kidogo cha wagonjwa waliopewa baiskeli ya mazoezi nyumbani, na hali zao zikawa bora. Mwaka 2009 ukatoka utafiti mkubwa ulioitwa HF-ACTION, wagonjwa 2,331 wa Marekani, Kanada na Ufaransa. Leo mwongozo wa Ulaya wa 2021 na ule wa Marekani wa 2022 yote miwili inapendekeza mazoezi kwa kila mgonjwa wa namna hii anayeweza kuyafanya, na pendekezo hilo limepewa daraja la juu kabisa.

Kwa hiyo neno "kapumzike" limepitwa na wakati. Huko kwao limepitwa na wakati, na kwetu pia, kwa sababu misuli ya mtu wa Tanga haina tofauti na ya mtu wa Oxford.

Misuli, nasema. Hapa ndipo penye jambo letu hasa. Tumezoea kudhani kwamba mgonjwa huyu anachoka kwa sababu moyo ni dhaifu, basi. Lakini wapimaji wamejua kwa muda mrefu kwamba kipimo cha eko, ile picha ya moyo inayopigwa kwa mawimbi ya sauti, hakikuambii vizuri mtu ataweza kutembea umbali gani. Wapo wenye moyo dhaifu sana kwenye eko ambao wanapanda ngazi, na wapo wenye moyo wenye nafuu ambao hawafiki chooni. Sehemu kubwa ya tofauti iko kwenye mapaja, kwenye misuli ya kuvutia pumzi, na kwenye mishipa midogo inayoilisha misuli hiyo. Na mapaja ni ya nani? Pumzi ni kazi ya nani? Ni yetu.

Alikuwepo mzee mmoja mvuvi wa upande wa Pangani. Alilazwa, akatibiwa, akaambiwa akapumzike, na wanawe wakalitii agizo kwa mapenzi yote. Walimbeba kwenda chooni. Walimlisha. Wakamhamishia kitanda sebuleni asitembee hata hatua kumi. Baada ya miezi kadhaa walimrudisha wakilia kwamba moyo umezidi kuharibika, maana sasa hawezi hata kusimama. Daktari akarudia eko. Moyo ulikuwa pale pale ulipokuwa siku aliyoruhusiwa. Nilipomfunua kanga miguuni niliona kilichopotea: paja lilikuwa jembamba, nikilizungushia mikono vidole vinakutana, na ngozi ya nyuma ya goti imelegea. Mzee huyu alikuwa akivuta nyavu mwaka uliopita. Wanawe hawakuwa na kosa, walifanya walichoambiwa na watu wa hospitali, yaani na sisi sote tuliovaa makoti meupe.

Sasa nije kwenye jibu lenu lililorudiwa kuliko yote. Mlisema: "Naogopa. Je, akinifia mikononi?"

Sitaidharau hofu hiyo. Nani atasimama mbele ya ndugu wa marehemu na kueleza kwamba alikuwa akimfanyisha mazoezi? Kiongozi wa kitengo atakusimamia? Daktari aliyekuachia mgonjwa bila barua atasema alikutuma? Haya ni maswali ya watu wanaojua uzito wa kazi yao. Ningeogopa zaidi kama mngejibu kwamba hamuogopi chochote.

Lakini tuitazame hofu yenyewe kwa ushahidi. Katika wale watu 2,331 wa HF-ACTION, waliofanya mazoezi hawakufa zaidi wala kulazwa zaidi kuliko ambao hawakufanya. Niwe mkweli kwenu: faida ya kupunguza vifo haikuonekana wazi kama watafiti walivyotarajia, kwa hiyo asije mtu akamwahidi mgonjwa kwamba mazoezi yataongeza miaka. Tafiti nyingi zikiwekwa pamoja zinaonyesha kwamba wanaofanya mazoezi wanarudi wodini mara chache zaidi na wanaishi maisha yenye nafuu zaidi. Hilo linatosha kuwaita kazini. Na ni wagonjwa gani waliofanyiwa utafiti? Waliotulia. Dawa zimepangwa, maji yametoka, daktari amewaona. Hapo ndipo ulipo usalama wetu, katika kujua nani wa leo na nani si wa leo.

Mwenzetu mmoja kijana, yuko humu lakini sitamtaja, alikuwa na mgonjwa wa kiume anayekuja mara mbili kwa wiki. Siku moja mgonjwa akaja amevaa kandambili, wakati siku zote huvaa viatu vya kufunga. Kijana wetu akauliza. Mgonjwa akacheka, akasema viatu vimekuwa vidogo. Kijana akapiga goti, akabonyeza juu ya kifundo cha mguu kwa kidole gumba, akahesabu, akaachia. Shimo likabaki. Akampandisha kwenye mizani: zaidi ya kilo mbili kwa siku tatu. Hakukuwa na mazoezi siku hiyo. Alimshika mkono akampeleka kwa daktari, dawa ya kutoa maji ikaongezwa, na juma lililofuata wakaendelea walipoishia.

Niambieni, kama mgonjwa huyu angekuwa amejilalia nyumbani, nani angeviona vile viatu? Mnaona kwamba mtu anayekutana na mgonjwa mara mbili kwa wiki anaona mambo ambayo kliniki ya kila mwezi haiwezi kuyaona? Kumpokea mgonjwa huyu ni kumlinda.

Kwa hiyo hofu tuigeuze kuwa maarifa. Anayehema akiwa ameketi, si wa leo. Aliyeongezeka kilo mbili kwa siku tatu, si wa leo. Mwenye maumivu ya kifua, kizunguzungu kipya, homa, mapigo ya moyo yanayozidi 100 kwa dakika akiwa amepumzika, si wa leo. Mwenye vali iliyobana vibaya na dalili juu yake, huyo anangoja uamuzi wa daktari wa moyo, na hapa kwetu wenye matatizo ya vali ni wengi, msilisahau hili hata mara moja. Wanafunzi, andikeni.

Jibu la pili lilikuwa: hatuna mashine. Hatuna tredimili, hatuna baiskeli, hatuna skrini ya kuonyesha mapigo ya moyo. Ni kweli, hatuna. Na tusione ni aibu ya Tanzania peke yake: uchunguzi wa dunia nzima uliochapishwa mwaka 2019 ulikuta huduma ya urekebishaji kwa wagonjwa wa moyo iko kwenye nchi 111 tu kati ya 203. Tudai mashine, na tuendelee kudai. Ila mgonjwa wa leo asiingoje meli.

Una koridoni? Pima mita 30, weka alama mwanzo na mwisho, weka kiti katikati. Mwambie mgonjwa atembee kwa dakika sita kadiri awezavyo, akichoka asimame, akiweza aendelee. Andika mita. Kama koridoni yako ina mita 20, tumia hiyo hiyo kila mara. Mgonjwa akiongeza mita 30 hivi, hilo ni badiliko la maana, na yeye mwenyewe atakuwa ameshalihisi. Saa unayo mkononi. Mashine ya presha iko wodini. Oksimita ya kidoleni, ya kupima oksijeni kwenye damu, wengi tuliipata wakati wa korona. Mizani ipo. Kiti kipo.

Halafu msitegemee mapigo ya moyo kupima jitihada, kwa sababu wengi wanatumia dawa zinazoyashusha. Tumia kipimo cha Borg, kile cha 6 hadi 20 ambacho mgonjwa anataja namba ya jinsi anavyoona zoezi lilivyo zito, abaki kati ya 11 na 14. Asiyesoma namba mpe maneno: rahisi, nzito kidogo, nzito. Na msikilize akiongea. Mpashe mwili moto taratibu, dakika kumi, na mwisho mpoze taratibu vilevile, presha isije ikashuka ghafla. Akinyanyua kitu asibane pumzi.

Mwaka 2021 ulichapishwa utafiti wa Marekani, REHAB-HF, kwa wagonjwa 349 wenye miaka 60 na zaidi waliolazwa kwa moyo kuzidiwa. Walianza kufundishwa wakiwa bado hospitalini, wakaendelea majuma 12 baada ya kutoka. Na walifundishwa nini? Kuinuka kitini. Kusimama bila kuyumba. Kutembea. Kuongeza nguvu na stamina. Uwezo wao wa kufanya mambo uliongezeka waziwazi. Wenzangu, kuinuka, kusimama, kutembea! Tunayafanya kila siku na wagonjwa wa kiharusi. Mnayaweza tayari.

Jibu la tatu lilikuwa umbali na nauli, na hapo sina ubishi. Mgonjwa wa Handeni hawezi kuja mjini mara tatu kwa wiki. Hata wa hapa hapa mjini, akimeza dawa ya kutoa maji saa mbili asubuhi, saa tatu utamwambia apande daladala? Atakwama njiani akitafuta choo. Ndiyo maana wengi hawaji, na sisi tunaandika kwenye faili kwamba mgonjwa hana ushirikiano. Muulize saa ya dawa kwanza. Mwezi wa Ramadhani, kama daktari amemruhusu kufunga, ratiba yote inabadilika, basi na ya mazoezi ibadilike. Kina mama wengine hawatafanya mazoezi mbele ya wanaume, watengee saa yao.

Kwa wa mbali, nyumbani panawezekana. Uingereza walijaribu mpango wa majuma 12 wa nyumbani, REACH-HF, kwa wagonjwa 216, wakiwa na kitabu cha maelekezo, mhudumu wa afya anayewafuatilia, na ndugu anayewauguza akiwa sehemu ya mpango. Maisha yao yalipata nafuu iliyopimika. Sisi ndugu wa kuuguza tunao kuliko Uingereza. Kinachokosekana ni sisi kuwaita wakae chini tuwaeleze, kama nilivyomsimamisha yule mama mkwe.

Na kuna swali wanaume huuliza dakika ya mwisho, mkono ukiwa tayari kwenye kitasa cha mlango: je, kwa mke wangu? Mjibuni kwa heshima na bila kukwepa. Akiweza kupanda ghorofa mbili kwa mwendo wa kawaida bila kuhema sana wala kifua kuuma, kwa kawaida hana la kuogopa, na akiwa na shaka tumpeleke kwa daktari wake. Ndoa nyingi zimeumia kimyakimya kwa swali hili kukosa wa kulijibu.

Jibu la nne linaniuma zaidi, kwa sababu limetugawa sisi kwa sisi. Baadhi yenu mnasema tusianze mpaka pawe na kituo kamili, daktari wa moyo karibu, waliosomea, na malipo yanayoeleweka kwa bima. Wengine mnasema tuanze leo na kila mgonjwa. Nimewasikiliza wote. Kwa maoni yangu wa kwanza wako sahihi kwa mgonjwa wa hatari kubwa: huyo aende kwenye hospitali kubwa, kama Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, na asijaribiwe koridoni. Lakini kwa mgonjwa aliyetulia, anayekunywa dawa zake, ambaye daktari amemruhusu, kungoja ni kumwacha aendelee kupoteza mapaja. Kungoja nako kuna madhara, ila hayaandikwi kwenye faili.

Mmesema pia watu hawatoshi, fundi mmoja wagonjwa arobaini. Ni kweli, na sitawaambia mjitoe mhanga. Waketisheni wagonjwa sita kwenye duara la viti, saa moja, mara mbili kwa wiki. Wanafundishana wenyewe kuliko tunavyowafundisha. Na wekeni daftari: amekuja lini, ametembea mita ngapi, amelazwa tena au hakulazwa. Mganga mkuu wa hospitali mwenye daftari hilo mezani ni rahisi kuzungumza naye habari ya kuongezewa mfanyakazi kuliko mganga mkuu aliyesikia malalamiko matupu.

Madaktari wetu mliopo, na ninyi nawaomba kwa heshima. Mnapoandika ruhusa, mahali pa "apumzike" andikeni "fiziotherapia", na mtuandikie eko inasemaje, dawa gani anatumia, na mipaka yake. Mkitupa mistari mitatu hiyo, hofu tuliyoizungumza itapungua nusu. Na sisi tuingie raundi ya wodi. Tusisubiri kuitwa, tusimame pale, tumuulize mgonjwa anataka kurudi kufanya nini.

Nimekuja na rasimu ya fomu ya rufaa, ukurasa mmoja tu, na nyuma yake ile orodha ya nani si wa leo. Daktari wa kliniki ya moyo yuko safu ya pili, ameshanikubalia kubaki. Kabla ya chai naomba wakuu wa vitengo vya wilaya tukutane naye meza ya kushoto, tuipitie mstari kwa mstari, tufute kisichofaa, ili kila mmoja aondoke na nakala ya kuanza nayo Jumatatu.

Asanteni sana kwa kunisikiliza.